Jipu la Bi Kaniki

Mie ni dresa. Nalisema hilo mapema kwa sababu pale Temeke kila mtu alikuwa akiniita Dakta, na mie nilikuwa naitika bila haya. Dresa kazi yake ni kuosha vidonda, kufunga bendeji, kupaka ile dawa ya zambarau na kumwambia mgonjwa arudi keshokutwa. Daktari mwenyewe alikuwa anakuja kwa gari kutoka mjini, anaitazama foleni, anatikisa kichwa, anaondoka. Akishaondoka tu, zahanati yote inabaki mikononi mwangu, na kichwa kinanivimba. Nilikuwaga natembea na mkasi mfukoni hata Jumapili, ncha yake ionekane.

Lakini ule udakta ulikuwa na sababu nyingine, na hiyo haichekeshi sana. Temeke, mwanamume mwenye mke haitwi jina lake. Anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jirani yangu Apolinari, karani wa bandarini Kurasini, alikuwa Baba Romani. Yule muuza maji asiye na jino hata moja alikuwa Baba Hamisa. Mie na mke wangu Yuliana tulikuwa tumekaa miaka kwenye ndoa na hatukuwa na wa kutuitia. Mimba mbili ziliingia, zote mbili zikatoka. Watu wakaona vibaya kumwita mtu mzima na ndevu zake Elinaza, kavu hivyo, kama kijana wa kutumwa dukani. Wakanipa Dakta. Nililipokea jina hilo kwa mikono miwili, na usiku nikilala nilikuwa najua limejaza nafasi ya nini.

Sasa nimseme adui yangu mkubwa, ambaye ni mdomo wangu. Mie domo kaya. Mimba ya kwanza haijaonekana hata kwa mtu mwenye macho makali, nilishakwenda Uhindini nikanunua kofia ya mtoto. Kofia ya sufu, Dar es Salaam, kwenye joto lile! Kwetu milimani Upare mtoto havuki wiki bila sufu kichwani, nami akili yangu ilikuwa bado haijashuka mlima. Nikaivika kwenye ngumi yangu, nikaipitisha klabu nzima, pale mtaani tunapochezea bao jioni, kila mtu aiguse. Mimba ya pili, nikainuka kanisani wakati wa matangazo, mwinjilisti hajaniita, nikaomba tuombewe. Watu wakatupongeza, wakaleta mayai. Zilipotoka, hao hao waliotupongeza wakaja kutupa pole, na Yuliana akawa anawapokea mlangoni, anawachemshia chai, anajibu maswali yao, hana pa kujificha. Hakuwahi kunitupia lawama. Ila baada ya ile ya pili aliichukua kofia, akaifungia sandukuni chini ya nguo zake za harusi, akaniambia, "Elinaza, siku nyingine huo mdomo utie kufuli."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Mwaka ule wa kutawazwa Malkia wa Kiingereza, bwana mmoja wa serikali alikuja klabuni kwetu na habari za samaki. Walitaka watu wachimbe mabwawa wafuge perege, wapate kitoweo. Lakini kwanza, akasema, watu wawaone samaki wakiwa hai, wawazoee. Basi tukajenga tangi la saruji ukumbini, karibu na meza ya bao, upande mmoja tukatia kioo. Kioo alikitoa Mzee Aidarus, Mwarabu wetu mwenye duka la pembeni, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa klabu. Kilikuwa cha kabati lake la kuwekea halua, na mwanzoni maji yalikuwa yanavuja kama jicho la mgonjwa mpaka tulipoziba kwa lami. Perege wakaja kwenye madebe, kimo cha kiganja, wamechoka na safari. Jioni ile hakuna aliyecheza bao. Watu walijipanga mbele ya kioo wakitazama samaki wasiofanya lolote, na kila samaki akigeuka watu wanasema, "Ala! Kageuka."

Kamati ikakaa. Mzee Aidarus akauliza, "Jamani, hawa wakiugua, tunafanyaje?"

Halafu vichwa vyote vikageuka kwangu. Mtu mwenye akili timamu angesema, mwenyekiti, mie samaki simjui. Na kweli nilikuwa simjui. Kwetu milimani wazee walimhesabu samaki ukoo mmoja na nyoka, na mie mpaka naoa nilikuwa sijamtia mdomoni. Mara ya kwanza nilipoalikwa kula kwa Mzee Aidarus, niliwekewa kipande kikubwa cha nguru juu ya wali. Nilikula wali, nikasifu mchuzi, na yule nguru nikamtia mfukoni wakati mzee anaomba dua. Paka watatu walinisindikiza mpaka nyumbani.

Lakini watu walikuwa wananitazama, na Apolinari alikuwa na kale katabasamu kake ka kikarani. Nikainuka, nikakohoa, nikagusa mkasi mfukoni. "Mwenyekiti," nikasema, "mwili ni mwili. Kidonda ni kidonda."

Wakanipigia makofi. Nikawa daktari wa perege.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa dume mmoja tuliyemwita Kapteni, kwa jinsi alivyokuwa akizunguka tangi akiwakagua wenzake. Siku moja tukamkuta mapezi yamechanika na ubavuni magamba yametoka, nyama inaonekana. Nilimtazama kupitia kioo, mikono nimeiweka nyuma, kama nilivyomwona daktari wa mjini. Watu wanasubiri. Nikasema, "Donda ndugu." Nikamtoa kwa kitambaa kibichi, nikampaka dawa ya zambarau ubavu mzima na mkia, nikamrudisha. Masalale! Maji yote yakawa zambarau. Samaki wote wakawa zambarau. Watu walikuja kwa baiskeli kutoka Kipawa kuangalia perege wa zambarau wa Temeke, na Mzee Aidarus akauza soda mpaka zikamwishia.

Kapteni akapona. Sifa zangu zikavuka mtaa. Ukweli nilikuja kuujua baadaye sana, nao ni huu: mle tangini walikuwamo madume wawili wanaogombea kona moja, wakiumana kila kukicha. Yule mwingine siku moja aliruka nje ya tangi, paka wa Mzee Aidarus akamwahi. Kapteni akakosa wa kupigana naye, vidonda vikafunga vyenyewe. Aliyemtibu ni paka. Aliyepewa shukrani mbele ya mkutano ni mie, na nilitoa hotuba.

Ilikuwa katika siku hizo za utukufu ndipo Yuliana alipoanza kuumwa. Asubuhi hataki hata harufu ya chai. Chakula anakigusa tu. Sokoni haendi, anasema jua kali, anabaki chumbani nyuma ya pazia, na mie nikiingia anageuka upande wa ukutani. Nampenda mke wangu, na baada ya yale yaliyotupata nilikuwa naogopa kila ugonjwa unaomgusa. Nikamshika paji la uso. Nikamtazama ulimi. Nikasema, "Malaria."

"Labda," akasema.

"Labda ya nini? Dalili zote hizi hapa."

Nikamletea chupa ya kwinini, ile ya maji, chungu kuliko talaka. Kila jioni namimina kijiko kikubwa, nasimama mbele yake mpaka akiweke kinywani. Anakipokea, mashavu yanamjaa, anatikisa kichwa kwamba tayari, anatoka nje mbio kupata hewa. Nilimhurumia. Pale nje penye kibaraza kulikuwa na asumini yake kwenye kopo la samli, alipewa na Bi Mahfudha, mke wa Mzee Aidarus. Bi Mahfudha alikuwa amemchukua Yuliana kama bintiye, na zile mimba zilipotoka yeye ndiye aliyekuja kukaa naye. Sasa asumini nayo ikaanza kunyauka, majani yakawa ya manjano. Nikaitazama hiyo pia. Nikamwambia Yuliana, "Imekosa samadi."

"Haya, Dakta," akasema. Yeye akiniita Dakta ujue ananicheka.

Bi Mahfudha alikuwa anakuja kila siku na bakuli la uji wa pilipili manga, wanafunga mlango, wananong'ona. Nikiingia wananyamaza. Siku moja nikamwuliza, "Shikamoo, bibi. Unamwonaje mgonjwa wetu?"

"Marahaba, mwanangu. Namwona vizuri."

"Kwinini inafanya kazi."

Bi Mahfudha akajitanda leso yake vizuri. "Wee endelea na samaki wako," akasema.

Nikaendelea na samaki wangu. Na huko tangini nako nikakuta mgonjwa mpya. Alikuwa jike moja jeusijeusi, ndiyo maana tukamwita Bi Kaniki. Taya lake lilikuwa limevimba chini, kama mtu aliyefungia pumba mdomoni. Hali kitu. Ukimtupia pumba za mchele wenzake wanagombania, yeye anabaki kwenye kona nyuma ya jiwe. Akisogelewa anakimbia. Anakonda mwili, kidevu kinanenepa. Kwanza nikasema ni matubwitubwi, nikawashauri watu wasimkaribie sana, watoto wao wasije wakaambukizwa. Mama mmoja akaondoka na mwanawe mbio. Lakini siku zikapita, uvimbe uko pale pale. Nikabadili kauli. "Jipu," nikatangaza. "Jipu la taya. Lina usaha ndani. Jumapili baada ya kanisa tutalipasua."

Apolinari akasema, "Dakta, una hakika?"

"Bwana Apolinari," nikamwambia, "wewe bandarini huulizwi kama gunia la pamba ni la pamba."

Jumapili ile klabu ilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanaume mbele, wanawake mlangoni, Bi Mahfudha kati yao amekaa kwenye kiti alichokuja nacho. Yuliana hakuja, alibaki nyumbani na malaria yake. Niliweka karai la maji ya tangini juu ya meza ya bao, kitambaa kibichi, koleo na kisu kidogo nilichokichemsha mbele ya watu wote waone usafi. Halafu nikahutubia. Nilieleza jipu ni nini, usaha unatoka wapi, na kwa nini mgonjwa asiyekula lazima atafutiwe sababu na mtu aliyesomea. Mzee Aidarus akaniomba nifupishe, jua linapanda.

Nikamtoa Bi Kaniki kwenye tangi, nikamkunja kwenye kitambaa, nikamshikilia juu ya karai. Alikuwa anapapatika kwa nguvu kuliko mgonjwa anavyotakiwa kupapatika, lakini mdomo kaukaza kabisa. Nikafikiri, kabla ya kisu, acha nitazame ndani kama usaha umetafuta njia. Nikatia koleo taratibu pembeni mwa midomo, nikafungua kidogo, na kidole gumba nikaminya chini ya taya.

Kilichotoka hakikuwa usaha. Zilitoka nukta. Nyeusi, mbilimbili, zinamiminika kwenye karai, na zikifika majini zinatawanyika zenyewe. Nilibaki nimeinama, koleo mkononi.

"Mama yangu!" Apolinari akapiga kelele. "Anatapika macho!"

Watu wakarudi nyuma. Mmoja akaanguka dirishani kwa upande wa nje. Mzee Aidarus akasogea, akavaa miwani, akachungulia karai. "Elinaza," akasema polepole, hata jina la Dakta kalisahau, "hawa ni samaki. Ni vifaranga wa samaki. Wazima."

Hapo klabu ikapasuka. Watu walicheka wakashika mbavu, wakashikana mabega, wakalia machozi. "Jipu limezaa!" "Leteni nepi!" Mwinjilisti wangu mwenyewe alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yanamtikisika. Lakini cheko lililopanda juu ya yote lilikuwa la Bi Mahfudha. Alikuwa anapiga paja lake, leso imemwanguka.

"Yarabi! Dakta, mwenzio ana watoto mdomoni, wewe umemshikia kisu! Hali kwa kuwa ameficha! Kajifungia, hataki mtu, dawa hamezi, hata mwanamume wake hakumwambia mpaka—"

Akajikata. Mkono ukaenda mdomoni, leso juu ya mkono. Macho yake yakakutana na yangu, na yale macho hayakuwa yanacheka tena.

Dawa hamezi. Bi Kaniki sikuwa nimempa dawa yoyote ya kumeza.

Harufu ya chai. Pazia. Uso kugeukia ukutani. Yote niliyaona kila siku kwa macho yangu mawili, nikayapa jina jingine. Halafu nikakumbuka kijiko. Pale zahanati hata mfagizi anajua kwamba mjamzito hapewi kwinini ovyo, inaweza kumwangushia. Na mie nilikuwa nasimama mbele yake kila jioni kama askari, namwambia kunywa, kunywa yote. Hamezi, alisema bibi, lakini mie kijiko nilikiona mwenyewe kinaingia kinywani.

Nikamrudisha Bi Kaniki tangini, nikamimina karai juu yake. Sikusubiri. Nilipogeuka tu nikasikia watu wanasema, "Tazama, tazama, anawarudisha!" Nikaangalia mara moja kupitia kioo. Bi Kaniki alikuwa amefungua mdomo, na zile nukta zilikuwa zinamfuata, zinaingia zenyewe, kundi zima. Akaufunga.

Nilikimbia. Shati la kanisani limelowa, mikono inanuka samaki, mkasi unanichoma paja. Nyumbani Yuliana hayupo, ndoo haipo, kumbe mgonjwa wangu kaenda kisimani na wanawake wa jirani. Nikaiinua ile chupa ya kwinini kuielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa imebaki chini kabisa. Nikakaa kizingitini nikaweka kichwa mikononi. Nilisema kwa sauti, "Nimemuua mwanangu," na nilikuwa sijawahi kusema neno la kweli zaidi, kwa nilivyojua wakati ule.

Mbele yangu lilikuwa lile kopo la asumini. Sasa ilikuwa imekufa kabisa, vijiti vitupu. Nikaitazama. Nikatazama udongo wake, una utando mweupe juu. Sijui nani alinipa akili ile, maana siku ile akili zote zilikuwa zimeniacha. Nilichota udongo kidogo kwa kidole, nikaulamba.

Uchungu ulinipanda mpaka masikioni. Kwinini! Vijiko vyote vile, jioni baada ya jioni, vilikuwa vimeishia mle koponi. Yule mwanamke alikuwa anaijaza mashavuni, anatikisa kichwa, anatoka, anamnywesha asumini. Nikachota tena udongo, nikaulamba tena, niwe na uhakika. Machozi yalikuwa yanatiririka na nilikuwa nacheka. Tangu nizaliwe sijaonja kitu kitamu kama kile.

"Loo! Baba wee!" Alikuwa Apolinari, amenifuata aone nimepatwa na nini, amesimama njiani amejishika kiuno. "Dakta, sasa unakula udongo? Kula udongo si kazi ya wajawazito? Una mimba, ndugu yangu?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Naapa lilikuwa limekaa pale, limevaa viatu, linataka kutoka mbio mtaa mzima, lifike klabuni, lifike kanisani, lipande treni mpaka Upare kwa mama yangu. Nikaukaza mdomo. Udongo ukanibaki kwenye meno.

"Napima asumini," nikasema nilipoweza.

Apolinari akatikisa kichwa, akaenda zake kueleza watu kwamba Dakta amechanganyikiwa. Nilimwacha. Mie nikaingia ndani, nikamwaga kilichobaki chupani, nikaiosha. Nikachemsha sukari na maji, nikaiunguza kidogo ishike rangi, ikipoa nikaitia kwenye chupa ile ile, kizibo kile kile.

Jioni nikamimina kijiko kama kawaida. Nikasimama mbele yake kama kawaida, sura ya zahanati. Yuliana akapokea, mashavu yakajaa, akatikisa kichwa, akatoka. Nikasogea kwenye dirisha. Alichuchumaa mbele ya kopo lake, akainama ateme. Akasita. Akakaa hivyo hivyo ameinama, mashavu yamejaa, hatemi. Akageuza uso kidogo upande wa dirisha, nami nikarudi nyuma. Nilipochungulia tena niliona koo lake linapanda na kushuka.

Akaingia ndani, anajifuta mdomo kwa pembe ya kanga. Tukatazamana.

"Dawa yako chungu jamani, Elinaza," akasema.

"Pole, mke wangu. Ndiyo dawa."

Tangu hapo hatukuzungumza neno juu ya jambo lile. Kila jioni namletea kijiko, kila jioni anakunja uso na kusema ni chungu, na siku moja akaniomba kijiko cha pili. Asumini haikupona. Klabuni niliondolewa udakta kwa kauli moja, nikabatizwa Mkunga, na hilo jina lilinishikilia Temeke nzima mpaka wagonjwa wa zahanati wakawa wanauliza, "Mkunga wa samaki yupo?" Zamani ningegombana. Sasa nilikuwa naitika, maana nilikuwa na kazi kubwa kuliko heshima, kazi ya kunyamaza, na wallahi sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kanisani wakati wa matangazo nilikuwa natoka nje. Klabuni nilikuwa naongea habari za mvua mpaka watu wakanikimbia. Kila siku nilikuwa naamka na hofu, natega sikio kama Yuliana analia, na hofu yenyewe sina wa kumwambia. Nilipopita mbele ya tangi nilikuwa nasimama namtazama Bi Kaniki, watoto wake wameshakuwa wakubwa wanamkimbia, yeye anakula pumba kwa pupa.

Tumbo lilipoanza kujionyesha chini ya kanga, mtaa mzima ukaliona, na mtaa mzima ukaona kwamba mie silisemi. Apolinari akashindwa kuvumilia. "Mkunga," akaniuliza, "malaria ya shemeji inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri."

"Malaria gani hiyo inaendelea vizuri?"

Nikamwuliza kama anaona mvua itanyesha. Bi Mahfudha alikuwa anapita na bakuli lake la uji. Aliniwekea mkono begani, akapita.

Siku ilipofika ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Bi Mahfudha na mkunga wa kweli waliingia wakafunga mlango, na mie nikatolewa nje pamoja na kiti changu. Wanaume wa klabu wakaja mmoja mmoja wakakaa nami kibarazani, Mzee Aidarus na tasbihi yake, Apolinari na kahawa. Hakuna aliyetania. Nilikuwa nimelishika lile kopo tupu la asumini, sijui nalishikia nini. Ndani palikuwa na sauti ya Yuliana, halafu hapakuwa na sauti, na huo ukimya ulikuwa mrefu kuliko kiasi.

Halafu mtoto akalia.

Mlango ukafunguka. Bi Mahfudha akatoka na kifurushi cha kanga, uso wote umelowa. "Wa kike," akasema, "na mama yake mzima." Akafunua kanga kidogo. Kichwani, kwenye joto lile la kuyeyusha lami, mtoto alikuwa amevikwa kofia ya sufu.

Kutoka ndani, kwa sauti iliyochoka lakini ya kusikika mpaka njiani, Yuliana akasema, "Mwambieni baba yake sasa aseme. Ruhusa ninayo mie, nimempa."

Wote wakanigeukia. Apolinari akaweka kikombe chini. Mzee Aidarus akasimamisha tasbihi. Majirani walikuwa wameshafika mpaka uani, wanamsubiri yule domo kaya wao atoe hotuba ya maisha yake, na nilikuwa nayo, miezi yote ile nilikuwa nimeihifadhi neno kwa neno.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikaufungua tena, na hakikutoka kitu.